Nilivyompa Baba Mkwe Mgongo

Watu wa Tunduma walicheka sana siku boti yetu ilipoingizwa uani. Mji wenyewe maji ya bomba yanakuja siku yanayotaka, mto wa maana hauna, halafu mume wangu analeta boti. Jirani yetu, fundi cherehani, alikuja na mkewe kuitazama. Akaizunguka mara mbili, akagonga ubavu wake kwa kidole, kisha akauliza kama tumepata taarifa ya gharika ambayo wengine hawajaambiwa. Mimi nimezaliwa Ujiji na boti kwangu si kioja, lakini boti iliyokaa juu ya matofali katikati ya kamba za kuanikia nguo ilinichekesha hata mimi.

Mume wangu alikuwa wakala wa forodha. Ilikuwa miaka ile mpaka umefunguka na kila aina ya mzigo unapita: mitumba, magari, mashine za migodini, vyoo vya kukalia. Boti hiyo ilitoka kusini juu ya lori, ikielekea kwa mtu mmoja wa Ziwa Tanganyika ambaye hakutokea kuichukua. Ilikaa kwenye uwanja wa mizigo hadi kuku wa walinzi wakataga ndani, na mwishowe ikauzwa kwenye mnada wa mizigo iliyokosa mwenyewe. Mume wangu alikwenda mnadani kutafuta matairi. Dereva mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anashindana naye bei alipoona macho yake yamekwama kwenye boti alimcheka, akasema, "Awe, mukwai, hapana bwana, hiyo nakuachia, mimi natafuta kitu cha kula barabara." Mume wangu akarudi nyumbani na boti, bila tairi hata moja.

Nilimkasirikia wiki nzima. Baadaye nikamwelewa niliyeolewa naye. Huyu mtu alikuwa anashinda siku nzima kati ya mihuri na moshi wa malori, foleni mbele na foleni nyuma, na alikuwa anatafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayemwomba karatasi.

Basi tukaanza kuteremka Ziwa Rukwa. Kila tulipopata siku tatu za mapumziko tulifunga boti kwenye trela nyuma ya pikapu, tukapita Mlowo kununua mikate na kujaza petroli, tukaiacha lami na kushuka bondeni. Huko joto linakupokea kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Siku za mwanzo tulikwenda upande wa Mbangala, baadaye tukahamia upande wa Momba, ambako tulikuwa tumezoeana na familia moja ya Wasukuma wafugaji. Boma lao lilikuwa karibu na mwalo wa wavuvi. Walitutunzia madumu ya mafuta, wakatupa maziwa, na mama mwenye boma hakuchoka kuniuliza swali lile lile: mnakwenda kuvua nini? Nikimjibu kwamba hatuvui, tunatembea tu, anatikisa kichwa kwa huruma. Wavuvi nao walitushangaa. Chombo kizima, injini nzima, na hakuna hata wavu.

Rukwa si Tanganyika. Tanganyika ina kina kisichoisha na maji unayoona kidole cha mguu ndani yake. Rukwa ni ziwa la tope, pana na la kina kifupi, maji yake yana magadi na rangi ya chai ya maziwa. Unaweza kuwa mbali na nchi kavu, huoni ufukwe wowote, na bado ukachomeka upondo ukagusa chini. Ziwa lile hupanda na kushuka kwa miaka. Likipanda linakula mashamba na vijiji. Likishuka linaacha visiki vya miti iliyokufa ndani ya maji, vimejificha nusu mkono chini ya uso, vinasubiri propela yako. Kuna viboko pia, na mamba, na kuna upepo unaoamka baada ya saa sita mchana ukalifanya ziwa zima lichemke.

Kwa hiyo mwendo wetu ulikuwa na utaratibu wake. Mume wangu alikaa nyuma kwenye injini. Mimi nilikaa mbele kabisa, miguu imening'inia, na upondo wa mianzi tuliouchora alama kwa rangi nyekundu kila futi. Nilisoma maji. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa mitumbwi Ujiji, na mambo hayo hayafundishwi shuleni: pale maji yanapokunja uso bila upepo kuna kitu chini, na ndege aliyesimama katikati ya ziwa hajasimama juu ya maji. Kelele za injini hazikuruhusu kusemezana, hivyo tulitumia mikono. Mkono wa kulia nje, pinda kulia. Wa kushoto, kushoto. Ngumi juu, zima injini. Tulikaa hivyo saa nyingi, mimi nimempa mgongo, na sikumbuki wakati mwingine ambao tulikuwa karibu zaidi.

Sasa lazima nieleze habari ya baba mkwe, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Mume wangu ni Mndali wa Ileje. Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, baba yangu alihamia Tunduma na malori yake. Tulifunga ndoa bomani kwa sababu kila upande ulikataa msikiti au kanisa la mwenzake. Kwetu, baba mkwe ni baba. Unamwandalia maji ya kunawa, unamtania, akifurahi anakuombea dua. Kwao, mke wa mtoto wa kiume hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye. Hakai alipokaa. Wakikutana njiani mwanamke anaiacha njia, anaingia majanini, anajifunika kichwa na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Na mzee naye anamkwepa vivyo hivyo, kwa heshima ile ile. Siku hizi vijana wengi wamelegeza, lakini nyumba niliyoolewa haikuwa imelegeza kitu.

Hakuna aliyenieleza. Siku ya kwanza kupelekwa Ileje nilimwona mzee mrefu amesimama mlangoni kwenye ukungu, nikajua huyu ndiye, nikamwendea kwa furaha zangu zote, nikapiga goti na kumshika mkono kwa mikono yangu miwili. Shikamoo baba. Mzee aliuchomoa mkono wake polepole, kama anayeutoa kwenye maji ya moto lakini hataki kuonekana ameungua, akaingia ndani. Mawifi zangu walicheka hadi wakakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Ilibidi achinjwe jogoo, yasemwe maneno, na mimi nikae siku tatu jikoni bila kutoka. Nikiwa kule jikoni, macho yananiwasha kwa moshi, niliapa kwamba hakuna atakayenicheka tena kwenye nyumba ile.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mimi nikafumba yote mawili. Kwa miaka kumi na minne sikumtazama yule mzee usoni. Nilimjua kwa kikohozi, kwa fimbo yake, kwa kivuli chake kikipita mlangoni. Wakwe wengine, wake wa shemeji zangu, walipoanza kulegea, kusalimiana naye kwa mbali na kucheka kidogo, mimi sikulegea. Wanawake wa kule wakaanza kunitolea mfano kwa mabinti zao: mtazameni yule wa Ujiji, mtu wa kuja, anavyojua kuheshimu. Nilizipenda sana sifa zile. Nalisema wazi kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mzee alipougua, ugonjwa ulianzia kooni. Sauti ilikwenda ikipungua, ikabaki kama mtu anayenong'ona kupitia nguo. Mkono wa kushoto nao ukalegea. Hospitali walimpa dawa za maumivu na kumwambia mume wangu ampeleke nyumbani akale anachopenda. Mzee hakutaka chakula. Alitaka jambo moja.

Yeye hakuzaliwa Ileje. Baba yake alikuwa miongoni mwa vijana waliochukuliwa zamani, wakati wa Waingereza, kwenda bonde la Rukwa kwenye kazi ya kuua nzige. Alikwenda na mkewe, na huyo mke akafia huko, mtoto wake, ndiye huyu mzee, akiwa bado mdogo wa kuswagwa pamoja na mbuzi. Alizikwa kwenye kinundu cha ardhi kando ya ziwa, penye mivumo mitatu, miti mirefu kama minazi. Kisha ziwa lilipanda likachukua kijiji, watu wakatawanyika, baba akarudi milimani na mtoto wake. Tangu hapo hakuna aliyekwenda kumwambia yule mama neno lolote. Kwao, aliyekufa ugenini lazima mtoto wake aende akamwambie: mimi bado nipo, nimezaa, jina lako lipo. Mzee alikuwa amezaa watoto tisa na wajukuu asiowahesabu, na alikuwa hajasema. Sasa sauti ilikuwa inakwisha.

Alisikia kwamba ziwa limeshuka tena na vinundu vya zamani vimeanza kutokea, lakini kwa miguu hapafikiki, ni tope na matete pande zote. Kwa boti labda. Boti ile iliyochekwa Tunduma nzima.

Fundi wetu wa injini, aliyekuwa anamsaidia mume wangu nilipokuwa siwezi kwenda, alikuwa na msiba Vwawa. Mvua zilikuwa karibu na mzee alikuwa anakwisha. Mama mkwe alikataa katakata mimi kuingia chombo kimoja na mkwe wangu. Wifi mmoja alijitolea akae kati yetu, lakini alipoambiwa habari za mamba akakumbuka ana shamba la kupalilia. Mwishowe mzee mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikamsikia akinong'ona kwa mwanawe:

"Mwambie aje. Majini hakuna sebule."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Alikuwa amenifungulia mlango waziwazi, mbele ya mkewe. Mimi nikalisikia kama ruhusa ya kupanda boti, basi.

Tuliteremka bondeni mzee akiwa mbele na mwanawe, mimi nyuma ya pikapu juu ya godoro, nimejifunika kitenge na kutazama boti ikitufuata kwenye trela. Tulilala kwa wale Wasukuma. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na mvuke mwepesi ulikuwa unapanda juu yake. Tukalitandika godoro katikati ya boti. Mume wangu na kijana mmoja wa boma wakambeba mzee, wakamketisha akielekea mbele, mgongo wake umeegemea dumu la mafuta lililofungwa blanketi. Nami nilisubiri kwenye matete nimegeuka pembeni hadi wakaniita. Yule mama wa Kisukuma alinitazama nikipita kinyumenyume kuelekea mbele ya boti, nimejifunika hadi puani, nikipapasa kwa miguu nisimguse mzee.

Akasema, "Mama, utaanguka na heshima zako."

"Heshima si utumwa," nikamjibu. Nilikuwa na majibu mengi siku zile.

Tulikwenda polepole tukifuata ukingo wa matete, injini ikinguruma chini chini. Mume wangu alikuwa anatafuta mivumo mitatu, maana ndiyo alama pekee aliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa nasoma maji. Futi nne. Futi tatu na nusu. Kisiki, kushoto. Wavu wa mtu, kulia. Mwari weupe, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo, walikuwa wamejaa mbele yetu, wanaelea kundi zima, wakipisha bila haraka. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kule, na mara mbili nilisikia nyuma yangu mzee akivuta pumzi kama mtu anayenusa chakula cha nyumbani. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilijiambia kwamba leo huyu mzee atasema neno lake, na mimi ndiye niliyemfikisha.

Tulikuwa tumekwenda kama saa mbili hivi mzee aliposema.

"Mwanangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuniita chochote. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa karibu, ameinamia mbele hadi nyuma tu ya bega langu, na upepo mdogo wa mwendo haukuizuia. Mume wangu kule nyuma alikuwa amekalia injini. Asingeisikia hata angekuwa nusu ya umbali ule.

"Mwanangu, ni hapa. Mivumo haipo, lakini mlima naujua. Geuka. Mwambie mwenzako asimame."

Alisema kwa Kiswahili, ili nisipate sababu ya kutoelewa.

Nilikaza macho kwenye maji. Nilivuta kitenge mbele zaidi. Kichwani mwangu nilikuwa kule jikoni, kwenye moshi, na kicheko cha mawifi. Mkwe hasemi na mkwe. Akikosea mmoja, mwingine husitiri kwa kutosikia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, kwamba mzee akisahau kwa uzee au ugonjwa akakutamkia neno, unafanya kama hukusikia ili asiaibike. Nikasema moyoni, mzee anaumwa, amejisahau, nimsitiri. Nilikuwa na mkono mzima wa kuinua. Ngumi moja tu juu na boti ingesimama, hata bila kugeuka. Sikuinua.

Ningependa kusema ni visiki, kwamba nilikuwa naogopa kuondoa macho majini. Visiki vilikuwepo, ni kweli. Lakini si visiki.

Akaniita tena. "Mwanangu, nisikie." Boti ikaendelea. Kisha nikamsikia akisema Kindali, chini chini, haraka haraka, na hakuwa anasema na mimi. Kindali changu ni cha jikoni na sokoni, sikuyapata maneno yote. Nilipata neno la mama. Nilipata neno la watoto, na baada yake akawa anataja majina, moja baada ya jingine, kwanza ya watoto wake, kisha ya wajukuu. Sauti ikawa inakatika, anaivuta, inarudi. Jina la binti yangu alilitaja. Yalikuwa majina mengi na boti ilikuwa inatembea, na hakuyamaliza. Nadhani aliacha pale ambapo aliona tumekwisha kupita.

Tulikwenda hadi mahali matete yanapoziba kabisa. Hakuna mivumo. Mume wangu alizima injini akasimama kutazama pande zote. Saa sita ilikuwa imefika na maji yalikuwa yameanza kuchafuka kwa mbali, mistari myeupe. Hatukuweza kurudi kwa njia ya ukingo, mawimbi yangetutupa kwenye visiki. Tukachukua maji ya katikati, tunaruka na kupiga chini, mume wangu amemshika baba yake bega kwa mkono mmoja na usukani wa injini kwa mwingine. Tulipofika mwaloni sote tulikuwa tumelowa na mzee alikuwa anatetemeka.

Walimlaza kivulini kwenye ngozi ya ng'ombe. Mimi nilisimama nyuma ya pikapu, na nilisikia kila kitu.

"Baba," mume wangu alimwuliza, "hukupaona? Hata kwa kukisia?"

Nikashika bodi ya gari. Nilijua kwamba sasa atasema, na mume wangu atakuja nyuma ya gari kuniuliza.

"Sikupaona," mzee akanong'ona. "Ziwa limekula."

"Nilikuona umeinua mkono kule kwenye ndege. Nikadhani unafurahia wale mwari."

"Nilikuwa nafurahia mwari," mzee akasema.

Alikuwa amenisitiri. Yeye ndiye aliyefanya kile nilichojidai mimi nakifanya. Hata hapo ningeweza kutoka nyuma ya gari. Asubuhi ya pili ilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Nilisimama palepale nikikamua maji kwenye kitenge changu, na mume wangu akaanza kufungua injini. Kesho yake mzee hakuweza kuketi tena, tukampandisha milimani amelala.

Alifariki wiki ya tatu, Ileje, siku ya baridi. Kabla ya hapo mama mkwe aliniita uani akaniambia kwamba mzee amemwagiza neno. Amesema mkwe wake wa Ujiji amemheshimu mpaka ndani ya maji, na asibughudhiwe na mtu yeyote kuhusu safari ile. Mama mkwe alilileta neno hilo kama zawadi. Mawifi waliokuwepo wakapiga vigelegele vidogo, vya mahali penye mgonjwa. Niliinamisha kichwa kama inavyotakiwa.

Siku ya maziko miiko huisha. Wakwe tuliingizwa ndani kumwona. Ndiyo mara ya kwanza nilimtazama usoni tangu siku ile ya ukungu mlangoni. Alikuwa na masikio ya mume wangu, na kidevu cha binti yangu, kidevu ambacho siku zote nilikuwa nasema kimetoka kwetu. Niliinama hadi karibu na sikio lake.

"Baba, nilisikia," nikamwambia.

Waliokuwa karibu walidhani nalia.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa wakaamua kwamba kwa kuwa mtoto hakumfikia mama yake, basi udongo wa kaburi la mtoto upelekwe. Ziwa lote ni kaburi, walisema, lakini ni vizuri zaidi ukamwagwa karibu na mahali penyewe, pale penye kinundu. Walimkabidhi mume wangu udongo kwenye mfuko mdogo wa kitambaa. Tukarudi nao Tunduma. Aliuweka kabatini juu ya mashati yake, akaanza kuhangaikia boti: akabadilisha plagi, akaziba ufa, akaenda Nakonde kutafuta propela nyingine. Jioni moja baada ya kazi akachora ziwa kwenye karatasi ya forodha iliyoharibika, ukingo wa matete, mwalo, mahali tulipogeukia, akawa anakisia tuanzie wapi. Alichora mivumo mitatu mara ya kwanza huku, mara ya pili kule, akifuta.

Nikashindwa kuvumilia. Nilikaa kwenye kiti cha upande wa pili wa meza, nikamweleza. Nilimweleza kwa mpangilio, bila kujitetea: alichosema mzee, mara ngapi, kwa lugha gani, na nilichofanya mimi. Nilimweleza na habari ya majina.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Mume wangu ana hasira, ningeielewa. Lakini uso wake ulifunguka. Alinishika mkono juu ya ile karatasi.

"Kwa hiyo alipaona," akasema. "Kumbe alipaona! Basi unapajua." Akanisogezea kalamu. "Nionyeshe. Mlima upi? Mkono wetu wa kulia au wa kushoto? Kabla ya wale mwari au baada?"

Nilishika kalamu. Nilijaribu, Mungu anajua. Nilikumbuka futi tatu na nusu kwenye upondo. Nilikumbuka rangi ya maji na povu jembamba lililokuwa linateleza chini ya miguu yangu, na uzi uliochomoka kwenye pindo la kitenge. Mlima sikuuona, wala upande wake. Mzee aliniambia geuka, na mimi nilikuwa natazama maji, na maji yale ziwa zima ni hayo hayo.

"Hapa aliposema baba ni wapi?" mume wangu aliuliza tena, kwa upole, akidhani sijamsikia.